Kipusa, kansa yake, na dawa iliyokua inaota mlangoni

Ilianza na matone. Nafagia baraza asubuhi naona tone la damu hapa, jingine pale, mengine mpaka kwenye ngazi ya jikoni, nikajua bas Kipusa ameingia joto, na kweli siku zile madume ya Kihonda nzima yalikua yamejipanga nje ya geti kama bodaboda wanaosubiri basi la usiku lishushe. Sikuwaza kitu. Mbwa jike akiingia joto anatoa damu wiki mbili, ikizidi sana tatu, inaisha. Hii haikuisha. Wiki ya nne, ya tano, ya sita, bado nadeki, na mwenyewe kazi ni kujilamba tu, usiku namsikia chini ya dirisha anajilamba mpaka nalala namuacha, hadi siku moja amejilaza chali juani nikachungulia nikaona. Nyama. Yani kinyama kimechomoza kule nyuma, chekundu, kimegawanyika gawanyika kama koliflawa, ukikigusa na pamba tu kinatoa damu.

Naandika hii kwasababu tangu nimetupia picha zake amenenepa kuna watu kibao wananiuliza "dada ulimpa mitishamba gani", na jibu lipo, mti upo, ila ukisikia robo ya habari utaua mbwa wako. Kwahiyo kaa, ni ndefu.

Nianze na ujinga wangu wote kwa mpangilio.

Wa kwanza ni duka la dawa za mifugo, silitaji. Jamaa hakumuangalia hata mbwa, aliangalia picha kwenye simu akasema kizazi kimeoza hicho, akanipa sindano za ile antibaotiki ya njano wanayochomea ng'ombe, siku tatu, kijana wake akaja kudunga nyumbani na nauli ya pikipiki juu yangu. Kipusa alivimba paja, nyama ikabaki vile vile.

Wa pili, mwarobaini. Mama Neema jirani yangu ndo aliyenishauri, na wala simlaumu, hapa kwetu mwarobaini ni wa kwanza kutajwa kwa kila kitu, jina lenyewe si limetokana na magonjwa arobaini. Nikachuma majani kwenye mti wa nyuma ya choo, nikachemsha sufuria ya pilau nzima mpaka maji yakawa kijani cheusi, ile harufu ya uchungu inakaa kooni mpaka chai unaisikia chungu. Namuosha asubuhi na jioni. Siku ya nne Kipusa akiona tu beseni la bluu anakimbilia chini ya lori la jirani, namvuta kwa miguu ya nyuma huku watoto wa mtaa wanacheka. Niwe mkweli, nzi walipungua, harufu ilipungua, na kupe wakadondoka. Ila kinyama kilichoanza na ukubwa wa kizibo cha soda, baada ya wiki mbili za mwarobaini kilikua ndimu.

Wa tatu, manjano. Hapa nilisoma kabisa, nikajiona msomi, nikaona kwamba manjano yana kitu kinaitwa kurkumini na kwamba ukichanganya na pilipili manga yanaingia mwilini vizuri zaidi. Nikamtengenezea uji wa dagaa na manjano na pilipili manga kidogo, alikunywa, mdomo ukawa wa njano wiki nzima na khanga yangu nyeupe ndo ikawa imekufa hivo. Kilichonipita ni kwamba hizo habari nyingi ni za seli za kansa zilizowekwa kwenye vichupa vya maabara, huko manjano yanaziua kweli, lakini mbwa akila manjano kinachofika kwenye damu ni kidogo mno, na pilipili manga haibadilishi mchezo kihivo. Alafu yakiwa mengi yanaweza kufanya damu ichelewe kuganda, sasa fikiria mbwa ambae tayari anadondosha damu.

Wa nne ndo ninaoujutia mpaka leo.

Kitunguu saumu. Mtu akaniandikia kwamba saumu inasafisha damu, ponda punje nne changanya kwenye ugali, asubuhi na jioni, siku tano. Na mimi nikasema saumu ina madhara gani, si naila kila siku. Siku ya tatu Kipusa akaacha kuja getini nikirudi. Ya nne nikamfunua mdomo, fizi zilizokua na rangi ya waridi zimekua nyeupe kama karatasi, na mkojo alioukojoa pale kwenye saruji ulikua rangi ya chai ya rangi, ile iliyokolea. Nilijua nimemuua.

Jamani hili lisomeni taratibu hata kama mengine mtaruka: kitunguu saumu na kitunguu maji kwa mbwa ni sumu. Kibichi, kilichopikwa, cha unga, vyote. Kinaharibu seli nyekundu za damu, zinapasuka, mbwa anaishiwa damu huku hana kidonda. Na hakionekani siku hiyo hiyo, kinakuja baada ya siku kadhaa, ndo maana watu wanasema "wangu alikula hakufanywa kitu" wakati labda alikula kidogo tu.

Kuna na wa tano ambao haukufanyika, kwa neema ya Mungu. Babu yake Neema, mzee wangu namheshimu, kafuga ng'ombe miaka yake yote, alikuja jioni na mrututu kaufunga kwenye gazeti, zile chembe za bluu. "Mwanangu saga hii, mpakae pale pale, itakatika yenyewe kama sugu." Nikasema shikamoo babu, asante babu, nikaupokea nikaweka juu ya kabati. Nilikataa kimoyomoyo kwasababu niliwahi kupakwa mrututu kwenye kidonda nikiwa darasa la tatu na nakumbuka nilivyolia. Baadae nikaja kuelewa ungechoma nyama ya juu tu mzizi ubaki, na mbwa angeulamba wote, na mrututu ukiingia tumboni ni sumu.

Sisi watu wa kuamini tiba tunajijua lakini. 2011 si tulipanga magari mpaka Samunge kule Loliondo, kikombe mia tano, kwa Babu Ambilikile Mwasapila, dawa ya mti mmoja kwa kisukari, kansa, ukimwi, kila kitu. Shangazi yangu alikaa kwenye foleni siku tatu. Simcheki mtu, mtu akiwa na mgonjwa ndani anafika popote, na mi nilifika popote kwa mbwa.

Bas. Asubuhi ya fizi nyeupe nikatafuta bajaji. Wa kwanza akasema habebi mbwa, wa pili alimuangalia Kipusa akaondoa chombo bila kujibu, wa tatu ndo akakubali kwa sharti nitandike turubai na nilipe za watu watatu. Nikaenda kwa daktari wa mifugo wa ukweli, binti mdogo kabisa, nadhani hata miaka thelathini hana, na kitu cha kwanza aliniuliza "umempa nini nyumbani". Nikaanza kuficha. Akaniambia dada sikugombezi, nataka nijue tu nisije nikamuongezea kibaya juu ya kibaya. Nikamwaga yote. Kwenye saumu akafumba macho kidogo.

Alichofanya kwenye kinyama kilichukua dakika kumi, na hapa ndo nilipojisikia mjinga kuliko sehemu zote. Alichukua kipande cha kioo akakigusisha kwenye ile nyama, akakausha, akapaka rangi, akaweka kwenye darubini. Akaniita niangalie. Niliona viduara vya zambarau vimejaa, na ndani ya kila kimoja vitundu vitundu vyeupe kama mapovu. Akasema hii ni TVT, hii ndo kansa ya mbwa inayoambukiza, na kati ya kansa zote ambazo mbwa wako angeweza kupata umepata ile ambayo tunaiweza.

Kansa inayoambukiza! Nikamuuliza mara mbili. Ndio. Haiambukizwi na kirusi, ni seli zenyewe za kansa zinahama kutoka mbwa mmoja kwenda mwingine wakipandana, au kwa kunusana na kulambana, ndo maana mbwa wengine inawatokea puani au mdomoni. Zinashika kwenye mbwa mpya kama mche uliohamishwa kitalu. Na wanasayansi waliposoma DNA yake wakakuta seli hizo hazifanani na mbwa anaeumwa, zote duniani kokote zinatokana na mbwa mmoja wa zamani, utafiti uliotoka 2019 unakadiria aliishi Asia kati ya miaka 4,000 na 8,500 iliyopita. Mbwa mwenyewe alishakufa zamani hizo, seli zake bado zinatembea, na moja ya mahali zilipotembea ni Kihonda kwa Kipusa wangu. Binadamu haitupati, nilihakikisha hilo maana ndo nilikua nadeki ile damu mikono mitupu.

Sasa dawa. Akasema tutampa vinkristini, sindano ya kwenye mshipa, mara moja kwa wiki, kawaida wiki nne mpaka sita. Ila sio leo, kwasababu damu imeshuka mno kwa ajili ya saumu, tungojee. Wiki mbili nzima nilikua napika maini badala ya kumtibu kansa, kwa ajili ya punje za saumu.

Nikamuuliza vinkristini ni kemo, zile dawa kali za kansa? Akasema ni kemo. Nikaanza kulia pale pale, maana kemo mimi naijua ya mama yangu mdogo, nikasema hapana daktari, mi nilikua nataka kitu cha asili. Huyu binti akacheka, hakunicheka mimi, alicheka tu, akaniambia njoo. Tukatoka nje, kwenye kibustani cha pale mlangoni kuna yale maua ya pinki na meupe, petali tano, katikati kidoa cheusi zaidi, yanaota hata kwenye ufa wa saruji, makaburini yamejaa, kwangu mwenyewe nimeyapanga mlangoni kwenye makopo ya rangi. Vinka. Akachuma jani moja akalivunja likatoa utomvu mweupe. Akasema dawa yako ya asili hii hapa.

Asili yake ni Madagaska hapo jirani yetu, siku hizi limesambaa dunia nzima. Na habari yake mi naipenda mpaka nimeisoma mara nyingi: watu wa sehemu nyingi walikua wanachemsha majani yake kwa ajili ya kisukari. Mwaka 1952 majani yalitumwa kutoka Jamaika kwa daktari Clark Noble huko Kanada, nae akampa ndugu yake Robert Noble ayapime. Robert akawapa panya. Sukari haikushuka. Kilichoshuka ni seli nyeupe za damu, zilishuka vibaya, panya wakawa wanakufa kwa maambukizi. Mtu mwingine angetupa majani. Noble na mwenzake Charles Beer wakawaza, kama kitu kinashusha seli nyeupe, je kansa ya damu, ambayo ni seli nyeupe zimezidi? Ikatoka vinblastini, alafu watu wa kampuni ya Eli Lilly Marekani waliokua wanalichunguza ua hilo hilo wakapata vinkristini, ikaruhusiwa 1963, na ndo inayotumika mpaka leo kwa watoto wenye kansa ya damu.

Kwahiyo nikamuuliza swali ambalo na wewe unalo saivi. Si nikachemshe tu nimnyweshe?

Akaniambia hesabu. Kupata gramu moja ya dawa hii wanatumia mamia ya kilo za majani makavu. Kipusa ana kilo kumi na nne, sindano yake moja haifiki hata nusu ya miligramu. Sasa kwenye sufuria yako utajuaje umetoa kiasi gani? Na kwenye jani kuna vitu vingine chungu nzima zaidi ya hiyo vinkristini, vingine vinashusha presha, vingine vinaharibu mishipa ya fahamu, mbwa akitafuna tu mmea anatapika na kuharisha, akizidisha anapata degedege. Ukikosea chini kansa inakula raha, ukikosea juu mbwa anakufa. Mimi hapo nilikua na ushahidi wa saumu kwenye fizi za mbwa wangu, sikubishana.

Siku ya sindano ya kwanza niombe niielezee maana hakuna alieniambia inavyokua. Alimpima kilo, akatoa damu kuhesabu zile seli nyeupe, na akasema hii ntaifanya kila wiki kabla ya sindano, zikiwa chini sana tunaruka wiki. Akanyoa manyoya kwenye mkono wa mbele, akaweka kanula, akasukuma maji ya dripu kwanza kuhakikisha yanaenda kwenye mshipa wala hayavimbishi pembeni. Hapo alikua makini kuliko kawaida, hata simu yake ililia hakugeuka. Vinkristini ikivujia nje ya mshipa inaunguza nyama, kidonda chake hakiponi leo wala kesho. Kichupa chenyewe ni cha mililita moja, kidogo kuliko kidole changu cha mwisho, kimekaa kwenye friji, amevaa glovu. Nusu yake haikufika. Nimebeba mbwa, nimelia wiki mbili, dawa yenyewe ni matone.

Akanipa na masharti: siku mbili tatu mkojo na mavi nisafishe na glovu, watoto wasichezee pale, chakula laini maana anaweza kutapika au kukosa choo. Alitapika mara moja, akagoma kula siku moja, na nywele za ndevu zikapungua, bas. Baada ya sindano ya pili matone kwenye baraza yakaisha. Nilipiga magoti kwenye ile saruji nikatafuta tone nikakosa. Ya tatu ile koliflawa imekua punje ya njegere. Ya nne hakuna kitu. Ya tano ya kumalizia, akagusisha tena kioo, akaangalia, viduara vyenye mapovu havipo. Gharama zote za sindano tano na vipimo zilikua pungufu ya nilichokua nimeshatumia kwa sindano za njano, mapikipiki, mafuta ya habasoda niliyoletewa kutoka Dar na unga wa mlonge ambao bado upo kabatini.

Sasa msije mkatoka hapa mnasema dada kasema mitishamba ni uongo, maana nimesema kinyume chake kabisa. Nimeshakua mfuatiliaji. Kuna dawa inaitwa Stelfonta, ya kansa moja ya ngozi ya mbwa inayoitwa uvimbe wa seli za masti, imetoka kwenye mbegu za mti wa msituni Queensland, Australia, ikaruhusiwa Ulaya na Marekani 2020. Inadungwa ndani ya uvimbe wenyewe, na kwenye majaribio sindano moja iliuondoa kabisa kwa robo tatu ya mbwa. Hiyo ni mti. Upande wa pili kuna ule uyoga wanaouuza sana mtandaoni, wa mkia wa batamzinga. 2012 chuo kikuu cha Pennsylvania kiliwapa mbwa 15 wenye kansa ya mishipa ya damu, wengine wakaishi muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa, dunia nzima ikapiga vigelegele. Kilichofuata hakikupigiwa vigelegele: wakarudia na mbwa zaidi ya mia, matokeo yakatoka 2022, uyoga haukuongeza maisha kwa kiwango cha kujivunia. Bado unauzwa kwa utafiti ule wa 2012.

Na Kipusa alikua na bahati ya aina ya kansa. Mbwa wa dada yangu Arusha alikua na uvimbe wa maziwa, huo hauna vinkristini wala mwarobaini, ni kisu mapema, na yeye alisubiri na mafuta ya mbarika miezi mitano mpaka ukaingia mapafuni. Ndo maana nikiulizwa "dawa gani ya kansa ya mbwa" nauliza kwanza kansa gani, umeweka kwenye kioo? Watu wanakasirika, wanaona naringa.

Mwarobaini bado natumia, kwa kupe. Manjano nimerudisha kwenye mboga zangu.

Yale maua nimeyahamishia juu ya ukuta Kipusa asiyafikie. Babu yake Neema alinikuta nayahamisha akauliza kulikoni, nikamuelezea yote, panya, Kanada, sindano, akasikiliza mpaka mwisho akitafuna mswaki wake, akasema, "Si nilikwambia ni majani?" Nikasema ndio babu. Nikamrudishia na mrututu wake.

Kilichobaki ni dume la dukani. Kipusa nimeshamtoa kizazi, hazai tena wala hapandwi, lakini lile dume jekundu linalolala kwenye ngazi za duka la kona nimelichungulia juzi na linadondosha, tone hapa tone pale, na mwenye duka anasema huyo si wake anakula tu hapo. Kwahiyo si wa mtu. Nimeongea na Mama Neema na yule kijana wa chipsi, tumechanga hela, imefika ya sindano mbili na nusu. Dereva yule yule wa bajaji amekubali kulibeba, turubai analeta mwenyewe. Shida ni nani atalishika.